Mitaa ya Stesheni: Lugha, Reli na Sura ya Katikati ya Jiji la Nairobi

Abiria anayeteremka katika stesheni kuu ya Nairobi na kutoka nje kuelekea mjini hukutana kwanza na barabara ya Haile Selassie. Akiivuka hufika pembe ambapo barabara hiyo hukutana na Moi Avenue, na hapo huona bustani ya kumbukumbu ya watu waliouawa katika shambulio la tarehe 7 Agosti 1998. Akiendelea mbele huingia katika msongamano wa maduka, mabasi na wachuuzi. Katika mwendo huo wote hakuna jina la barabara linalomwambia kwamba jiji zima lilianzia pale alipoteremka. Zamani yalikuwapo. Barabara ya Haile Selassie iliitwa Whitehouse Road, kwa jina la George Whitehouse, mhandisi mkuu wa Reli ya Uganda. Moi Avenue iliitwa Government Road, na kabla ya hapo Station Road. Majina hayo yaliondolewa baada ya uhuru kwa sababu zinazoeleweka, na jambo la reli likaondoka pamoja nayo.

Suala hili limepata uzito mpya tangu Desemba 2022, ulipozinduliwa rasmi ujenzi wa mradi wa Nairobi Railway City, unaokusudia kuendeleza upya eneo la ekari 425 hivi linaloizunguka stesheni hiyo, kusini mwa barabara ya Haile Selassie na mashariki mwa Barabara ya Uhuru. Mitaa mipya itachorwa, viwanja vya watu kupumzikia vitatengwa, vibao vitasimamishwa. Katika miradi ya aina hii popote duniani, wasanifu wakiulizwa jinsi mtaa utakavyoonyesha urithi wa reli, huwa tayari na jibu la vitu: kichwa cha treni cha zamani kisimamishwe juu ya jukwaa la saruji, vipande vya reli vilazwe katika sakafu ya njia ya waendao kwa miguu, nguzo za taa zifanane na ishara za njiani. Vitu hivyo si vibaya. Lakini hoja ya mhadhara huu ni kwamba sehemu kubwa ya urithi wa reli katika Nairobi haimo katika chuma, bali imo katika lugha; na kwamba mtaa utakaopambwa bila kuisikiliza lugha utaikumbuka reli ya wale walioiagiza, na kuisahau reli ya wale walioitandika, walioipanda na walioishi kandokando yake.

Mji uliochorwa na reli

Ujenzi wa reli ulianza Mombasa mwaka 1896. Mwishoni mwa Mei 1899 reli ilifika mahali ambapo Wamaasai walipajua kwa maji yake baridi, umbali wa kiasi cha maili 327 kutoka pwani. Hapakuwa na mji. Palikuwa na mto, kinamasi na uwanda wazi, na wahandisi walipapenda kwa sababu moja kubwa: palikuwa tambarare pa mwisho penye nafasi kabla njia haijaanza kuparamia miinuko ya Kikuyu kuelekea ukingo wa Bonde la Ufa. Palifaa kwa kupanga mabehewa, kutengeneza injini na kuweka akiba ya vifaa. Mwaka huohuo makao makuu ya reli yakahamishwa hapo kutoka Mombasa, na ofisi ya jimbo ikahamishwa kutoka Machakos. Reli ilifika Kisumu mnamo Desemba 1901, lakini Nairobi ilikwisha kuota mizizi.

Ramani ya kwanza ya mji ilikuwa ramani ya watu wa reli. Katikati palikuwa na stesheni na uwanja wa mabehewa. Upande wa mlima walikaa maofisa. Chini yao palipangwa nyumba za wafanyakazi wa ngazi ya kati, kisha soko la Wahindi, ambalo lilichomwa moto kwa amri ya wakuu wakati wa tauni ya mwaka 1902. Wafanyakazi Waafrika walitarajiwa kuwa wapitaji tu, wala hawakuchorewa mahali pa kudumu. Mgawanyo huo wa watu kwa rangi na kwa cheo ungali unasomeka katika sura ya jiji hadi leo, hata kwa mtu asiyejua chochote juu ya historia yake: upande mmoja wa stesheni ardhi inapanda na viwanja vinapanuka, upande wa pili ardhi inateremka na nyumba zinabanana.

Kwa hiyo katika Nairobi stesheni haikujengwa kwa ajili ya mji. Mji ndio uliojengwa kwa ajili ya stesheni. Jambo hili ni muhimu kwa mjadala wa usanifu, kwa kuwa katika miji mingine reli ni pambo moja miongoni mwa mengi, na mbuni wa mtaa anaweza kuchagua kulitumia au kuliacha. Hapa hana hiari hiyo. Mtaa wowote wa katikati ya jiji, hata ule ambao hauna alama moja ya reli, umelala jinsi ulivyolala kwa sababu ya reli.

Jahazi lililogeuka treni

Wataalamu wa leksikografia wamezoea kuyataja maneno ya reli kama mfano wa ukopaji: reli, stesheni, treni, injini, tikiti, signali. Orodha hiyo ni sahihi, lakini imewafanya wengi waamini kwamba wasemaji wa Kiswahili walipoiona reli walisimama kando wakangoja kupewa majina na Waingereza. Maneno mengine yanaonyesha hali tofauti kabisa.

Chukua neno taruma. Msomaji wa leo hulijua katika wingi wake, mataruma, yaani vile vipande vya mti au chuma vinavyolazwa chini ya reli ili kuishikilia. Katika kamusi za zamani taruma ni neno la waunda vyombo: ni mti unaotiwa ndani ya jahazi au mashua ili kuutia nguvu mwili wa chombo. Aliyeitazama njia ya reli kwa mara ya kwanza, na kuona miti iliyopangwa sambamba kwa nafasi sawa ikishikilia kitu kirefu kilichokusudiwa kwenda mbali, hakuona kitu kigeni. Aliona jahazi. Tena aliliona kwa jicho la fundi, si la mpita njia, kwa maana mpita njia hayajui majina ya miti iliyo ndani ya chombo.

Neno la pili ni behewa. Kabla ya kuwa chumba cha treni, behewa lilikuwa sehemu ya nyumba kubwa ya mawe ya pwani: uwanja wa ndani ulio wazi katikati ya vyumba, ambapo watu hukutana, hupumzika na hufanya kazi za nyumbani. Neno hili lina asili ya Kiarabu, lakini lilikwisha kuwa la Waswahili muda mrefu kabla ya reli. Kuhamishwa kwake kutoka nyumbani hadi njiani kunastahili kufikiriwa. Waingereza waliita chumba hicho kwa jina la gari la kukokotwa. Waswahili walikiita kwa jina la mahali pa kukaa.

Yako pia maneno ambayo hayakuhitaji kubadilishwa maana ila kupanuliwa tu. Nauli ilikuwa malipo ya chombo cha baharini. Neno hilo limepitia Kiarabu, na nyuma yake lipo neno la Kiyunani lenye maana hiyohiyo. Shehena ilikuwa mzigo wa jahazi. Abiria ni mtu wa kuvuka, kwa kuwa mzizi wa neno lake katika Kiarabu una maana ya kuvuka. Kupakia na kupakua zilikuwa kazi za bandarini. Reli ilipoanza kupanda bara, maneno haya yote yalipanda nayo, na leo abiria wa basi katika mtaa wa River Road hulipa nauli bila kujua kwamba anatamka neno la mabaharia. Mkondo huo haujakauka: ghala kubwa la makontena lililoko Embakasi, ambalo hupokea mizigo kwa reli kutoka Mombasa, huitwa bandari ya nchi kavu, katika mji ambao bahari yake iko umbali wa zaidi ya kilomita 400.

Neno daraja lina habari yake. Kwa asili ya Kiarabu ni ngazi au cheo, na katika Kiswahili ni pia kivuko cha juu ya mto. Katika reli ya ukoloni neno hili lilipata makali mapya, kwa kuwa daraja la kwanza, la pili na la tatu kwa kiasi kikubwa zilikuwa njia nyingine ya kusema Mzungu, Mhindi na Mwafrika. Usemi wa daraja la tatu ukaanza kutumika hata kwa mambo yasiyohusiana na safari. Ni dhahiri kwamba urithi wa reli katika lugha si wa kupendeza wakati wote, na msanifu anayetaka urithi mtamu tu atalazimika kuchagua maneno kwa hila.

Kadhalika liko neno karakana. Limeundwa kwa maneno mawili ya Kiajemi, kazi na nyumba, na limefika kwa Waswahili kwa njia ya lugha za Bara Hindi. Kulikuwa na sababu nzuri ya neno hili kustawi katika miji ya reli. Wahindi wapatao 32,000 waliletwa kwa mikataba kujenga njia hiyo. Karibu 2,500 walikufa, na zaidi ya 6,000 walibaki baada ya kazi kwisha. Waliobaki na wengine waliowafuata ndio waliokuwa maseremala, wahunzi na mafundi mitambo, na vijana Waafrika walijifunza ufundi mikononi mwao kwa Kiswahili cha karakanani, ambacho wanasarufi walikibeza lakini ndicho kilichoendesha treni.

Hapa ndipo ilipo maana ya kihistoria ya msamiati huu. Katika kambi za reli walikutana Wakamba, Wakikuyu, Wajaluo, Waluhya, Wapunjabi, watu wa pwani na Wazungu. Kiswahili kilikuwa kimekwisha kufika bara kwa misafara ya biashara, lakini misafara ilipita ikaenda zake. Reli ilikaa. Iliweka stesheni, mishahara ya kila mwezi, saa, nidhamu ya kazi na nyumba za wafanyakazi, na katika kila kimoja cha vitu hivyo ikakipa Kiswahili mahali pa kudumu.

Majina yaliyofutwa na majina yaliyobaki

Uhuru ulipofika, majina ya barabara za katikati ya Nairobi yalibadilishwa kwa awamu. Delamere Avenue ikawa Kenyatta Avenue. Hardinge Street ikawa Kimathi Street. Victoria Street ikawa Tom Mboya Street baada ya kiongozi huyo kuuawa mwaka 1969. Soko la Wahindi likawa Biashara Street. Mabadiliko hayo yalikuwa ya haki, na hakuna mtu mwenye busara anayedai kwamba mhandisi wa malkia arudishiwe barabara yake. Ila mwanaisimu huona jambo moja ambalo mwanasiasa hakuliona. Kilichobadilishwa ni nusu ya jina tu. Biashara Street na Uhuru Highway ni majina yaliyoshonwa kwa vitambaa viwili: neno la mbele ni la Kiswahili na neno la nyuma ni la Kiingereza. Mashujaa wa taifa waliingizwa katika sarufi ya barabara iliyokuwapo, na sarufi yenyewe haikuguswa. Ukilinganisha na Dar es Salaam, ambako kibao huandikwa Mtaa wa fulani au Barabara ya fulani, tofauti huonekana mara moja.

Nje ya vibao hivyo rasmi lipo tabaka jingine la majina. Waafrika wa mwanzo wa Nairobi, ambao ramani ya reli haikuwatengea mahali, walijijengea vijiji na kuvipa majina wenyewe: Mombasa, Pangani, Maskini, Kaburini. Majina mawili ya kwanza ni ya miji ya pwani iliyohamishwa kwa mdomo. Mawili ya mwisho yanaeleza hali bila kupaka rangi. Vijiji vyenyewe vilibomolewa kimoja baada ya kingine, na wakazi wakahamishiwa Pumwani, iliyoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920. Lakini jina la Pangani lipo hadi leo, na jina la Majengo, ambalo Pumwani ilipewa na wenyeji, hupatikana pia katika miji mingine mingi ya Kenya na Tanzania.

Nyumba za wafanyakazi wa reli ziliitwa landi, neno linalojulikana katika miji ya reli kuanzia Mombasa, na ambalo katika Nairobi limehifadhiwa katika tahajia ya ajabu ya kibao cha Landhies Road. Barabara hiyo hupita kando ya Muthurwa, mtaa uliojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa reli. Neno hilo lina nusu yake ya Kiswahili na alama ya wingi ya Kiingereza imeongezwa mkiani, kama behewa lililofungwa nyuma ya treni isiyo yake. Wengi wapitao hapo hudhani ni jina la mtu.

Kwa upande wa watu wa kawaida, majina ya mahali katikati ya Nairobi hayatoki katika vibao. Hutoka katika vinywa vya makondakta. Kituo cha mabasi kilicho karibu na stesheni huitwa Railways, na wengi hutamka Relwe. Kituo kingine kingali kinaitwa OTC kwa jina la kampuni ya mabasi ambayo magari yake hayaonekani tena barabarani. Huu ni ushahidi mzito. Jina rasmi hudumu maadamu serikali inalitaka. Jina la matumizi hudumu maadamu watu wana safari. Barabara iliyoitwa kwa heshima ya Whitehouse imesahau jina lake, bali kituo kilichoitwa kwa sababu ya kazi ya mahali kingali kinatajwa maelfu ya mara kila siku, hata baada ya treni ya abiria ya Mombasa kuacha kuondokea hapo mwaka 2017, ilipofunguliwa reli mpya yenye stesheni yake huko Syokimau, nje ya katikati ya jiji.

Tahadhari kutoka Bububu

Kabla ya kuyachonga maneno ya reli katika mawe ya mtaa, ni lazima kuuliza kama ni ya reli kweli. Zanzibar inatoa funzo. Miaka michache baada ya reli kufika Kisumu, kampuni ya Kimarekani ilijenga reli ndogo kutoka Ngome Kongwe, ikapita katika Mji Mkongwe na kwenda kaskazini hadi kijiji cha Bububu, mwendo wa maili saba hivi. Ilianza kufanya kazi mwaka 1905. Serikali iliinunua mwaka 1911, usafiri wa abiria ukakoma mwaka 1922, na kufikia mwisho wa miaka hiyo ya 1920 reli yenyewe haikuwapo tena. Leo karibu hakuna kitu cha kuonyesha. Kilichobaki ni hadithi, ambayo watembezaji wa watalii huipenda sana, kwamba kijiji kiliitwa Bububu kwa kuigiza mlio wa treni.

Hadithi hiyo ina utamu wote wa etimolojia ya kienyeji, na ina kasoro yake ya kawaida: haijali tarehe. Sayyida Salme, binti wa Seyyid Said ambaye baadaye aliitwa Emily Ruete, aliandika juu ya maisha yake huko Bububu katika kumbukumbu zake zilizochapishwa Ujerumani mwaka 1886, na maisha aliyokuwa akiyasimulia yalikuwa ya miaka mingi nyuma ya hapo. Reli aliyoijenga Sultani Barghash kabla ya kufa kwake mwaka 1888 haiwezi kuiokoa hadithi hiyo pia, kwa maana yenyewe ilielekea kusini, Chukwani. Jina lilikuwapo, treni ndiyo iliyokwenda kulikuta.

Kisa kinachofanana na hicho kipo katika njia ya Mombasa. Mnamo Juni 1900 simba alimuua ofisa wa polisi wa reli, Charles Ryall, ndani ya behewa lake lililokuwa limeegeshwa Kima. Behewa lenyewe limehifadhiwa katika Makumbusho ya Reli ya Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971. Wasimulizi hupenda kusema kwamba mahali pale paliitwa Kima kwa sababu ya mkasa huo, kwa kuwa kima ni nyama iliyosagwa. Hawasemi kwamba kima ni mnyama pia, wa jamii ya nyani, tena anayejulikana zaidi. Kati ya maana mbili, hadithi imechagua ile inayouza.

Hakuna ubaya kwa hadithi za namna hii kusimuliwa barazani. Ubaya huja zinapoandikwa katika kibao cha shaba kwa muhuri wa serikali ya jiji, kwa sababu hapo zinakuwa ushahidi wa kughushi dhidi ya wenyeji: zinawaambia kwamba mahali pao hapakuwa na jina mpaka treni ilipofika.

Kuandika mitaa ya stesheni

Yafuatayo basi yanafaa kuzingatiwa na wanaochora mitaa mipya. Kwanza, majina ya mashujaa yaliyopo yaachwe. Haile Selassie ana mahali pake katika historia ya umoja wa Afrika, na kumwondoa ili kurudisha reli kungekuwa kufuta kumbukumbu moja kwa raba ya kumbukumbu nyingine. Mitaa mipya, ambayo haina majina bado, ndiyo itajwe kwa kazi na kwa vitu: Karakana, Behewa, Mataruma, Landi. Majina hayo hayamtukuzi mtu, kwa hiyo hayatakuwa na sababu ya kuangushwa utawala unapobadilika. Katiba ya mwaka 2010, katika ibara ya 7, ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi. Kibao cha barabara ni mahali pa bei rahisi sana pa kuitekeleza ibara hiyo, na mpaka sasa hapajatumiwa ipasavyo.

Neno la kutangulia majina hayo nalo linataka uamuzi. Katika miji ya zamani ya pwani mtaa haukuwa njia. Ulikuwa sehemu ya mji pamoja na watu wake, msikiti wake, kisima chake na ugomvi wake. Maana ya njia yenye nyumba pande mbili imekuja baadaye. Barabara, kwa upande mwingine, ni ya kupitia. Msanifu anayeandika Mtaa wa Karakana anaahidi kwamba watu watakaa, watauza, watazungumza. Anayeandika Barabara ya Karakana anaahidi magari. Ahadi hizo mbili haziwezi kutimizwa na mchoro mmoja, na ingefaa neno lichaguliwe kabla upana wa lami haujapimwa.

Katika sakafu ya uwanja mbele ya stesheni, kama vipande vya reli vitalazwa kama ilivyo desturi, basi viwekewe mataruma yake, na juu ya kila taruma liandikwe jina la stesheni moja kwa mpangilio wa safari: Mombasa, Mazeras, Mariakani, Voi, Tsavo, Mtito Andei, Kibwezi, Makindu, Sultan Hamud, Konza, Athi River. Mtoto atakayeruka kutoka taruma hadi taruma atakuwa amesoma jiografia ya nchi yake. Orodha hiyo ina majina ya Kikamba, Kimaasai na Kimijikenda, na ina jina la Sultani wa Zanzibar katikati ya nyika. Maelezo ya asili ya majina yaandikwe pale tu yanapoweza kuthibitishwa, na mengine yaachwe kama yalivyo.

Huenda ikapingwa kwamba msamiati wa jahazi na nyumba za mawe ni wa watu wa pwani, na kwamba kijana wa Nairobi ana lugha yake, Sheng, isiyojua taruma wala behewa. Pingamizi hili ni la maana, lakini linasahau Sheng ilikotoka. Watafiti wengi wanaitafuta asili yake katika mitaa ya mashariki ya jiji, na miongoni mwa mitaa hiyo imo Muthurwa na Makongeni, iliyokuwa ya wafanyakazi wa reli, pamoja na majirani zake Kaloleni, Shauri Moyo na Pumwani. Katika nyumba za chumba kimoja ambamo watoto wa Wajaluo, Waluhya, Wakikuyu na Wakamba walilala ukuta kwa ukuta, Kiswahili cha baba zao kilipinduliwa na kuchezewa hadi kikawa kitu kingine. Sheng ni mjukuu wa landi.

Hapo ndipo suala la vibao linapogusa maisha ya watu. Muthurwa si jina tu. Ni mtaa wenye wakazi. Walipotakiwa kuondoka ili ardhi iendelezwe, walikwenda mahakamani, na Agosti 2013 Mahakama Kuu ilitamka kwamba haki yao ya makazi ilikuwa imekiukwa. Mpango wowote wa kuonyesha urithi wa reli katika eneo hilo utapimwa kwa kuta zile kabla ya kupimwa kwa nguzo za taa. Itakuwa kinyume cha ajabu ikiwa neno Landi litachongwa katika jiwe jipya huku landi yenyewe, ambayo ni miongoni mwa mabaki machache ya mahali walipolala walioendesha reli, ikiwa imesawazishwa kupisha jiwe hilo.

Mengi ya mambo haya yatangoja bajeti na wakandarasi. Moja halina haja ya kungoja. Kando ya makao makuu ya shirika la reli, hatua chache kutoka barabara ya Haile Selassie, ipo barabara fupi iitwayo Workshop Road. Majina ya magavana na ya malkia yalipokuwa yakiteremshwa, hili liliachwa, kwa kuwa halikumtaja mtu wala halikumwudhi yeyote. Kiswahili chake kipo tayari, nacho kina neno moja tu.